Gia za Baiskeli ya Milimani: Chunguza Ukoo Kabla ya Jina

Anayetafuta baiskeli ya milimani leo hukutana na majina mawili kabla hata hajauliza bei: Shimano ya Japani na SRAM ya Marekani. Akiendelea kuchungulia atakutana na la tatu, microSHIFT ya Taiwan, ambalo limejipatia heshima upande wa gia za bei nafuu. Vijiweni ubishi wake unafanana na ule wa Simba na Yanga: kila mtu ana timu yake, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Msimamo wangu ni huu. Kampuni zote tatu zinajua kutengeneza gia nzuri. Kitakachokufurahisha au kukuliza mwakani ni jambo jingine kabisa: cheni ya kwanza ikishaisha, je, utapata nyingine hapo ulipo, kwa bei unayoimudu, na fundi wako ataweza kuifunga? Gia zina koo. Vifaa vya ukoo mmoja vinaelewana, vya koo mbili vinagombana, hata kama vyote vimeandikwa jina moja. Anayechagua ukoo unaofaa mahali anapoishi atafanya vizuri na kampuni yoyote. Anayechagua jina tu anaweza kuishia na baiskeli nzuri iliyoegeshwa ukutani ikisubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Kabla hatujaendelea tukubaliane maneno. Shifta ni kile kidude cha kwenye usukani unachobonyeza au kusokota. Kihamishi ni ile mashine ndogo yenye vigurudumu viwili inayoning'inia nyuma na kuisukuma cheni kutoka sproketi moja, yaani gurudumu la meno, hadi nyingine. Kaseti ni lile fungu la sproketi za nyuma. Kiini cha habu, yaani cha kitovu cha gurudumu, ni kipande kinachozunguka ambacho kaseti huvalishwa juu yake. Vitu hivyo vinne pamoja na cheni ndivyo tunavyovizungumzia.

Ugomvi ulianzia wapi

Shozaburo Shimano alifungua karakana yake mwaka 1921 katika mji wa Sakai, karibu na Osaka, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa friwili. Baiskeli za milimani zilipoanza kushika kasi huko California, kampuni yake ilikuwa miongoni mwa waliowahi: mwaka 1982 ilitoa Deore XT, seti iliyobuniwa mahususi kwa ajili yao.

Badiliko lililoleta koo, hata hivyo, lilikuja mwaka 1984. Kabla ya hapo mwendeshaji alisukuma mkono wa gia polepole mpaka sikio lake limwambie kwamba cheni imekaa sawasawa. Mkono huo haukuhesabu chochote, kwa hiyo ulikubali karibu kihamishi chochote na idadi yoyote ya sproketi. Mwaka huo Shimano ilileta mfumo wa SIS, ambao shifta yake hulia "klik" na kuvuta waya kwa kipimo kile kile kila unapobadilisha. Kazi ikawa rahisi kwa mwendeshaji, lakini kuanzia siku hiyo vitu vitatu vililazimika kukubaliana hadi sehemu ya milimita: waya unaovutwa na shifta, umbali ambao kihamishi husogea, na nafasi kati ya sproketi na sproketi. Kimoja kikitoka nje ya hesabu, cheni inapanda nusu, inakwaruza, inaruka.

SRAM ilizaliwa Chicago mwaka 1987 ikiwa na wazo moja, Grip Shift, yaani shifta ya kusokota kwa kiganja. Mwaka 1990 iliishtaki Shimano ikilalamikia punguzo walilopewa watengenezaji wa baiskeli walionunua seti nzima ya Shimano, kwa kuwa punguzo hilo liliwafungia mlango wengine. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Katikati ya miaka ya 1990 SRAM ikatoa vihamishi vyake yenyewe, vyenye kipimo chake: waya ukivutwa milimita moja, kihamishi nacho husogea karibu milimita moja. Kwenye vihamishi vya Shimano vya wakati ule, mvuto huohuo ulikisogeza kihamishi karibu mara mbili.

Ndiyo maana shifta ya SRAM na kihamishi cha Shimano, kwa kawaida, havifanyi kazi pamoja. Kuna shifta chache za kusokota za SRAM, kama MRX, zilizotengenezwa makusudi zikubali vihamishi vya Shimano, nazo utaziona sana kwenye baiskeli za mtumba. Hizo ziache zilivyo.

Na usidhani kwamba "Shimano kwa Shimano" inatosha. Vihamishi vya Shimano vya milimani vya gia 7, 8 na 9 vinatumia kipimo kimoja, hata cha gia 8 kinaweza kufungwa na shifta ya gia 9 kikafanya kazi vizuri. Lakini gia 10 za milimani zilikuja na kipimo kingine, na leo ndani ya Shimano kuna koo mbili zinazouzwa pamoja, Hyperglide na Linkglide, ambazo shifta na kaseti zake hazibadilishani. Muuzaji akikwambia "hii ni Shimano, itaingia tu," muulize: ya ukoo gani?

Anza na gurudumu la nyuma

Watu wengi huanza kwa kutazama kihamishi kwa sababu ndicho chenye maandishi makubwa. Wewe anza na gurudumu la nyuma, maana ndilo linaloamua nini kitaingia na nini hakitaingia.

Kwanza, ujue kama una friwili au kaseti. Inua gurudumu, kisha tazama katikati ya sproketi ndogo, pale penye vijino vya kuingizia kifungulio. Zungusha sproketi kinyumenyume kwa kidole. Vile vijino vikizunguka pamoja na sproketi, hiyo ni kaseti. Vikitulia huku sproketi zikizunguka, hiyo ni friwili, ambayo hufungwa kwa kusokotwa kwenye habu kama kizibo. Ukiona friwili kwenye baiskeli inayouzwa kuwa ni ya milimani, jua kwamba hiyo ni baiskeli ya barabarani iliyovishwa tairi pana. Kwenye friwili, gololi za upande wa kulia hukaa ndani sana, ekseli inabaki ndefu bila kushikiliwa, na mzigo wa mashimo na mawe huikunja. Kuinunulia baiskeli ya namna hiyo kihamishi cha bei kubwa ni kupoteza fedha.

Ikiwa ni kaseti, swali la pili ni umbo la kiini cha habu. Yapo matatu unayoweza kukutana nayo. La kwanza ni la Hyperglide, tuliite HG kama linavyoandikwa: refu, lenye mifereji mipana 9, na sproketi yake ndogo kwa kawaida ina meno 11. Limekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndilo lililojaa kwenye magurudumu ya mtumba yanayoingia kwa makontena bandarini Dar es Salaam na Mombasa. La pili ni Micro Spline, ambalo Shimano ilileta mwaka 2018 pamoja na gia zake 12 za XTR: lina mifereji midogo mingi na linaruhusu sproketi ya meno 10. La tatu ni XD la SRAM, lililotoka mwaka 2012 na seti ya XX1: kaseti yake hujisokota juu ya uzi, nalo pia linaruhusu meno 10.

Hapa ndipo akili ya kununua inapohitajika. Seti za Shimano za gia 12, kuanzia Deore hadi XTR, zinadai Micro Spline. Kaseti za SRAM za daraja la GX kwenda juu zinadai XD. Ukiwa na gurudumu la HG, kuingia kwenye koo hizo kunamaanisha kubadili kiini cha habu au gurudumu zima, na gharama hiyo haiandikwi kwenye bei ya seti. Zinazokubali HG ni hizi: gia zote za Shimano za milimani za 8 hadi 11, ukoo mpya wa Shimano uitwao Cues, seti za SRAM za SX Eagle na NX Eagle zenye kaseti ya meno 11 hadi 50, na Advent na Advent X za microSHIFT.

Kwa msomaji anayeishi Afrika Mashariki, orodha hiyo ya HG ndiyo uwanja wake. Gurudumu la HG likivunjika Moshi, Eldoret au Bukavu, utapata jingine. La Micro Spline utaliagiza.

Idadi ya gia inadanganya

Wauzaji hupenda kutaja namba. Gia 21, gia 27, gia 12. Namba hizo peke yake hazikwambii kama utaweza kupanda kilima. Kinachokwambia ni hesabu ya darasa la tano: gawanya meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma. Jibu likiwa dogo, mlima unakuwa mwepesi.

Chukua baiskeli ya kisasa yenye sproketi moja mbele ya meno 32 na kaseti ya SRAM inayofika meno 50. Gia yake nyepesi kabisa ni 0.64. Sasa chukua baiskeli ya mtumba ya zamani yenye sproketi tatu mbele, ndogo ikiwa na meno 22, na kaseti ya gia 9 inayofika meno 34. Gia yake nyepesi ni 0.65. Kwa miguu yako mlimani hakuna tofauti. Isitoshe, ile ya zamani ikiwa na sproketi kubwa ya mbele yenye meno 44 itakupa kasi zaidi kwenye tambarare.

Mbona basi dunia imehamia kwenye sproketi moja mbele? Kwa sababu nzuri: kihamishi cha mbele kinaondoka, shifta moja inaondoka, waya mmoja unaondoka, na cheni inashikwa vizuri zaidi kwenye mawe kwa kuwa meno ya mbele yametengenezwa mapana na membamba kwa zamu. Ukiteremka kwa kasi kwenye njia mbaya, utaishukuru. Kwenye udongo mwekundu wa Lushoto wakati wa masika, kihamishi cha mbele hujaa tope mpaka kisitikisike, na kutokuwa nacho ni raha. Lakini ikiwa safari zako ni za barabara za vumbi na vilima vya kawaida, sproketi tatu za mbele zilizo hai hazina aibu yoyote.

Hesabu hiyohiyo inaondoa hofu ya kwamba lazima uwe na gia 12. Advent X ya microSHIFT ina gia 10 na kaseti ya meno 11 hadi 48. Ukiweka mbele sproketi ya meno 30, gia nyepesi inakuwa 0.625. Deore ya Shimano yenye gia 12, kaseti ya 10 hadi 51 na sproketi ya mbele ya 32, inatoa 0.63. Zinapanda sawasawa. Unachokosa ni kasi ya juu kidogo kwenye mteremko wa lami, na kuruka kutoka gia moja hadi nyingine kunakuwa kukubwa kidogo. Mshindani wa mbio atalalamika. Sisi wengine tutapanda na kufika.

Uliza bei ya kinachoisha

Kihamishi kizuri kisipogongwa na jiwe hudumu miaka. Shifta vilevile. Vinavyoisha ni cheni na kaseti, na vinaisha kwa kushirikiana: pini za cheni zikishalika, cheni inarefuka na kuanza kuchonga meno ya kaseti yafanane nayo. Ukiichelewesha, siku utakayofunga cheni mpya itakuwa inaruka juu ya meno yaliyolika, na itakubidi ununue vyote viwili.

Kupima hakuhitaji kifaa cha duka la wataalamu. Chukua tepu ya seremala yenye inchi. Ikaze cheni kwa kukanyaga pedali kidogo, kisha weka alama ya inchi 1 katikati ya pini mojawapo. Usianzie kwenye sifuri, maana ile ndoano ya tepu inaharibu kipimo. Hesabu inchi 12 mbele, hadi alama ya 13. Cheni ikiwa mpya, katikati ya pini patakaa juu ya alama hiyo barabara. Pini ikiwa imepita kimstari kimoja kidogo, yaani sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imerefuka kwa takriban asilimia 0.5. Kwa gia 11 na 12, ibadilishe hapo hapo. Kwa gia 10 kushuka chini, cheni ni nene zaidi na unaweza kwenda hadi kimstari kimoja na nusu, ambayo ni kama asilimia 0.75. Fanya hivyo mara kwa mara na kaseti moja itakula cheni kadhaa kabla ya kuchoka.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini nasisitiza: unapolinganisha seti mbili, usilinganishe bei ya seti. Linganisha bei ya cheni moja na kaseti moja ya kila upande, kwa sababu hizo ndizo utakazozinunua tena na tena. Cheni ya gia 8 inauzwa na karibu kila duka la spea lenye heshima, na ndiyo hiyohiyo inayotumika kwenye gia 6 na 7. Kaseti ya gia 12 ya daraja la juu inaweza kukugharimu kuliko baiskeli nzima ya mtumba. Kwenye cheni kuna nafuu kidogo, kwa kuwa kampuni kama KMC ya Taiwan zinatengeneza cheni zinazokubalika kwenye koo nyingi, mradi idadi ya gia ilingane. SunRace, ya huko huko Taiwan, hufanya vivyo hivyo kwa kaseti.

Shimano yenyewe imekiri uzito wa jambo hili kwa kutoa Cues mwaka 2023, ukoo wa Linkglide uliokusudiwa kuunganisha madaraja yake ya chini na ya kati. Meno ya Linkglide ni manene zaidi, na kampuni inasema kaseti zake hudumu mara tatu ya zile za Hyperglide. Kilichonivutia zaidi ni kwamba gia 9, 10 na 11 za ukoo huo zinatumia cheni ya aina moja na waya unavutwa kwa kipimo kimoja. Kwa mtu anayenunua baiskeli mpya leo na kutaka itumike miaka mingi kwenye vumbi letu, hilo ni jambo kubwa.

Kinachohisiwa mkononi

Zipo tofauti za kweli kati ya kampuni, nazo hujulikana kwa kujaribu, si kwa kubishana. Shifta nyingi za Shimano za daraja la Deore kwenda juu hukuruhusu kuachia gia kwa kidole gumba au kwa kidole cha shahada, upendavyo. Shifta za kubonyeza za SRAM hutaka kidole gumba kwa kazi zote mbili, na mbofyo wake ni mkavu na wa wazi. Wapo wanaoupenda mno kwa sababu hawawezi kukosea wakiwa wamevaa glavu na mikono ikitetemeka. Kwenye mabadiliko ya gia huku ukikanyaga kwa nguvu kilimani, gia 12 za Shimano zina ulaini ambao wengi huusifu.

Kitu cha kukitafuta kwa kampuni yoyote ni klachi ndani ya kihamishi. Kazi yake ni kuukaza mkono wa chini ili cheni isirukeruke ukipita kwenye mawe. Shimano na microSHIFT huweka kiwashio kidogo cha kuiwasha na kuizima. Ya SRAM hukaa imewashwa daima, ila ina kitufe cha kuufunga mkono mbele unapotoa gurudumu. Kwenye baiskeli yenye sproketi moja mbele, kihamishi kisicho na klachi kitakuangushia cheni katikati ya mteremko.

Kuhusu madaraja, ushauri wangu ni huu: fedha ya ziada iweke kwenye shifta, na uipunguze kwenye kaseti. Shifta ndiyo unayoigusa kila dakika, haiishi haraka, na tofauti ya daraja moja unaihisi mara moja. Kaseti ya bei ya juu hufanya kazi ileile ya kaseti ya chini yake. Unacholipia ni wepesi wa gramu kadhaa, na italika vilevile. Kwa Shimano ngazi zinapanda kutoka Tourney, Altus, Acera na Alivio hadi Deore, SLX, XT na XTR, na thamani kubwa zaidi kwa shilingi yako iko Deore. Kwa SRAM, kwenye Eagle zinapanda kutoka SX na NX hadi GX na kuendelea. Mimi ningeruka SX na kuanzia NX, au GX ukiwa na gurudumu la XD.

Usidanganywe na neno "Shimano" lililobandikwa kwenye fremu. Mara nyingi linamaanisha kihamishi cha nyuma tu, cha Tourney, huku shifta, cheni na friwili zikiwa za kiwanda kisichojulikana. Tafuta jina la daraja na namba ya modeli iliyochongwa nyuma ya kila kipande. Maandishi yakiwa yamefifia, namba haipo, na bei iko chini mno kuliko kwa wauzaji wengine, hiyo ni feki.

Betri na breki

Tangu mwaka 2019 SRAM inauza Eagle AXS, gia za milimani zisizo na waya, zinazoendeshwa kwa betri. Mwaka 2023 ilifuatisha Transmission, ambayo kihamishi chake hufungwa moja kwa moja kwenye fremu bila kishikio. Ni kazi ya uhandisi ya kuvutia: hakuna waya wa kujaa tope, na kihamishi kinastahimili kugongwa. Lakini kinakubali fremu zenye tundu la UDH pekee, kiwango ambacho SRAM ilikianzisha mwaka 2019, kwa hiyo fremu yako ya zamani haimo. Kikiharibika, fundi wa mtaani hana la kufanya. Kwa anayeshindana na mwenye uwezo wa kuagiza, sawa. Kwa anayesafiri siku kadhaa vijijini, waya wa gia unauzwa kwa bei ya chai na maandazi, na mwenye spana ndogo anaufunga kando ya barabara.

Kwenye fremu zenye kishikio, nunua kishikio cha akiba siku hiyohiyo unayonunua baiskeli. Ni kipande cha aluminiamu kilichotengenezwa kivunjike ili fremu ipone, na, ukiacha zenye UDH, karibu kila fremu ina chake. Huwezi kuazima cha mwenzako.

Breki nazo huja na ukoo. Breki za maji za Shimano hutumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, yale ya breki za magari, ingawa mpya kadhaa kama DB8 na Maven zimehamia kwenye mafuta ya madini. Faida ya DOT ni kwamba duka lolote la spea za magari linayo. Hasara ni kwamba hunyonya unyevu na huhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Kwa vyovyote, soma kilichoandikwa kwenye kifuniko cha mkono wa breki na usichanganye. DOT ikiingia kwenye breki ya mafuta ya madini huharibu mipira ya ndani, na breki iliyoharibika mpira hukuacha ukiwa mteremkoni.

Basi uchague nini?

Una baiskeli ya mtumba yenye gia 7, 8 au 9 na fremu nzuri: baki kwenye ukoo wake. Badili cheni, kaseti na nyaya, weka shifta mpya ya Acera au Alivio, na utapata baiskeli inayobadilisha gia kama mpya. Ikiwa vipande vyake ni vya koo mchanganyiko na hakuna kinachoelewana, tafuta shifta za gumba za microSHIFT zinazoweza kuzimwa ile "klik" na kutumika kwa mtindo wa zamani wa kusukuma kwa kusikiliza. Hizo hazibagui ukoo.

Una fremu ya kisasa na gurudumu la HG, na unataka sproketi moja mbele: Advent X, au Cues ya gia 10 au 11. Ndizo nitakazompendekezea mtu wa Ngong, wa Arusha au wa vilima vya Kigali anayetaka kwenda porini kila mwisho wa wiki bila kuhangaika. NX Eagle inafaa pia ikiwa baiskeli tayari imekuja nayo. Sikushauri uondoe gia nzima inayofanya kazi ili tu ubadili jina.

Unashindana, na una mtu wa kukuletea vipuri kutoka nje: Deore au XT ya gia 12, au GX. Hapo chagua kwa kidole chako. Panda zote mbili na uchukue ile ambayo shifta yake inakaa vizuri mkononi. Ukishachagua, agiza cheni mbili za akiba kabla hujaanza msimu.

Na kwa kila mmoja wenu, kabla hujatoa fedha, fanya jambo moja. Mwambie muuzaji akuwekee mezani cheni na kaseti za gia hizo unazotaka kuzinunua, akutajie bei yake, kisha mpigie fundi wako umuulize kama amewahi kuzifunga. Vikiwekwa mezani na fundi akikubali, lipa bila wasiwasi, iwe Shimano, SRAM au microSHIFT. Visipopatikana, rudisha fedha mfukoni na uende duka linalofuata, hata kama kihamishi kinang'aa namna gani.